Mkulima wa Mpunga katika Bonde la Ruvu

 

Leo twataka kunena nanyi habari za kazi ambayo watu wengi huitaja kwa kuidharau. Ukimwuliza kijana wa Bagamoyo kazi ya baba yake, aghalabu hujibu, "Baba hana kazi, mkulima tu." Neno hili "tu" ndilo lililotufanya tuje mbele yenu. Maana sisi ni wakulima wa mpunga katika bonde la Ruvu, na katika miaka yote tuliyoshika jembe hatujaona bado siku ambayo kazi hii haikututaka maarifa. Basi twaomba mtusikilize kwa muda mfupi, kisha mwamue wenyewe kama neno hilo lafaa.

Kwanza tujibu swali moja ambalo watoto hutuuliza. Husema, "Kila asubuhi twala mandazi na mkate na chapati, navyo vyote vyatokana na unga wa ngano. Mbona ninyi hamlimi ngano?" Swali hili ni la akili. Jibu lake ni kwamba kila nafaka ina nchi yake. Ngano hupenda baridi. Katika Tanzania huota vizuri nchi za juu, kama vile Hanang, Kilimanjaro ya Magharibi, na milima ya Njombe na Mbeya, mahali ambapo usiku mtu hujifunika blanketi. Ukiipanda pwani, joto huiharakisha. Hutoa suke upesi kabla mmea haujapata nguvu, nayo punje huwa nyembamba na chache. Tena unyevu wa hewa yetu huleta ugonjwa wa kutu, yaani vumbi jekundu lishikalo majani na kuyala. Mkulima wa ngano naye ana maarifa yake makubwa: lazima ajue kupima siku za mvua, kutambua kutu mapema, kuendesha na kutengeneza mashine za kuvunia, na kukausha punje kabla hazijaota ghalani. Twamheshimu. Lakini ngano ya nchi yetu haitoshi, na nyingi tulayo hutoka ng'ambo. Mwaka 2022, vita vilipoanza Ukraine, bei ya ngano ilipanda ulimwenguni kote, na watu walio mbali sana na vita hivyo waliona unga umekuwa ghali. Tangu hapo tumefahamu vizuri zaidi kwamba ni jambo jema mtu awe na chakula kinachoota karibu na mlango wake.

Chakula hicho kwetu ni mpunga. Wala si mgeni wa jana. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1331, aliandika kwamba mjini Mogadishu alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli. Akaandika pia kwamba watu wa Mombasa hawakuwa na nafaka za kutosha kisiwani kwao, bali waliletewa kutoka Sawahili, maana yake nchi ya pwani. Basi tangu zamani wako watu wa pwani waliolima nafaka ikawalisha na wenzao.

Sasa tuutazame mto wenyewe. Ruvu huanza katika milima ya Uluguru, hushuka kupita nchi ya Wakwere na Wazaramo, kisha huingia baharini kaskazini kidogo ya mji wa Bagamoyo. Wazungu wa zamani waliandika sehemu yake ya chini kwa jina la Kingani. Wakati wa masika mto hufura ukatapakaa bondeni, na unapopungua huacha udongo mweusi wa mfinyanzi ushikao maji kama chungu. Udongo huu ndio mali yetu. Mahindi hufa ndani yake kwa kuoza mizizi, lakini mpunga hustawi, kwa kuwa mmea wake una njia ndani ya shina za kupeleka hewa hata mizizini, ingawa mizizi imezama majini.

Maarifa ya kwanza ya mkulima wa mpunga, basi, ni kuyajua maji. Mwenye shamba la mlimani hungoja mvua tu. Sisi twangoja vitu vitatu, yaani mvua, mto, na bahari. Mnashangaa kusikia bahari? Mto wetu karibu na mlango wake hupanda na kushuka pamoja na maji ya bahari. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari husukuma kwa nguvu hata maji ya mto yakainuka. Siku za maji mafu, nguvu hiyo hupungua. Wakati wa masika mto una nguvu nao huisukuma chumvi nje. Lakini wakati wa kiangazi mto hudhoofika, na chumvi huingia ndani kimya kimya. Tena maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matamu, kwa hiyo hutambaa chini ya mto, na mtu akitazama juu haoni tofauti yoyote.

Tutawaeleza jambo lililotupata sisi wenyewe, ili lipate kuwafaa wengine. Mwaka mmoja, tulipokuwa vijana tena wapya katika kazi, tulitangulia kusia mbegu mwezi wa Februari ili tuiwahi masika. Miche ikaota vizuri, ikawa kijani ya kupendeza. Masika ikachelewa. Udongo ukaanza kupasuka, na miche ikaanza kukunja majani. Ikafika siku ya bamvua. Maji ya mto yakapanda hata yakalingana na kingo za majaruba yetu. Tukafurahi, tukasema, "Maji yametujia yenyewe, wala hatuna haja ya kuteka." Tukashika majembe tukabomoa ukingo.

Jirani yetu, bibi mmoja mzee aliyelima bondeni tangu utoto wake, alikuwa akipita na ungo wake kichwani. Akasimama akatuuliza, "Wajukuu zangu, mmeyaonja?" Tukacheka, tukamjibu, "Bibi, maji ni maji." Hakusema neno tena. Aliinama, akachovya kidole, akakitia ulimini, akatikisa kichwa akaenda zake.

Siku ya tatu ncha za majani ziligeuka nyeupe kana kwamba zimepitishwa motoni. Siku ya saba kitalu chote kilikuwa kimekauka, na udongo juu yake umefanya unga mweupe wa chumvi. Mpunga ukiwa bado mchanga hauvumilii chumvi, wala haivumilii tena wakati wa kuchanua. Katikati ya nyakati hizo mbili ndipo unapoweza kustahimili kidogo. Hatukulijua hilo. Mbegu zilikuwa zimekwisha, na mvua ilipokuja tulikuwa hatuna cha kupandikiza. Mwaka ule sisi, wakulima wa mpunga, tulinunua mchele dukani kwa kibaba, tena kwa mkopo. Tulikwenda kwa yule bibi kuomba radhi. Alitupokea, akatupa mbegu ya mwaka uliofuata, akasema, "Ulimi hauna gharama. Onjeni kwanza." Tangu siku ile hatujafungua maji shambani bila kuyaonja, hata masika mto ukiwa umefurika. Siku hizi viko vyombo vidogo vya kupimia chumvi, na mtu apatapo kimoja ni vizuri. Lakini asiyekuwa nacho asijidharau, ulimi anao.

Maarifa ya pili ni ya mbegu. Si kila punje iliyo na ganda ina kiini. Njia ya kuzichagua ni rahisi, na watoto waweza kuijaribu shuleni. Tia maji katika ndoo, kisha koroga chumvi kidogo kidogo, na ndani yake weka yai bichi lililo zima. Yai litazama kwanza. Endelea kutia chumvi hata lielee na sehemu ndogo ionekane juu. Hapo toa yai, mimina mbegu. Punje zilizo tupu na nusu tupu zitaelea. Ziondoe uwape kuku. Zilizozama ndizo mbegu. Zioshe mara moja kwa maji safi mara mbili au tatu ili chumvi itoke, uziloweke mchana na usiku, kisha uzifunike mahali penye joto hata zitoe ncha nyeupe. Hapo ndipo uzisie kitaluni. Mtu apandikizaye kwa njia hii hutumia kama kilo 10 tu za mbegu kwa ekari moja, ambapo amwagaye mbegu ovyo hutumia mara mbili au mara tatu ya hizo.

Kuhusu aina za mbegu, wengi wetu twapenda Supa kwa sababu ya harufu yake. Wali wake ukiiva, jirani hujua. Lakini Supa ni ndefu, huanguka upepo ukivuma, nayo huchukua siku nyingi shambani. Wataalamu wa utafiti wa mpunga wa nchi yetu wametoa mbegu iitwayo TXD 306, nayo wakulima huiita SARO 5. Hii ni fupi, huzaa zaidi, na ina harufu kidogo. Mkulima mwenye busara hulima zote mbili: moja kwa ajili ya gunia, moja kwa ajili ya sikukuu.

Maarifa ya tatu ni kulitengeneza jaruba. Ardhi yapasa iwe sawasawa kama meza. Palipoinuka hapapati maji, na magugu huota. Palipobonyea mche huzama ukafa. Hatuhitaji chombo cha fundi kuyajua haya. Twaingiza maji kidogo, kisha twatazama: maji yenyewe yatuonyesha kilima kiko wapi na shimo liko wapi. Twakwangua hapa, twajaza pale, twavuruga tope hata liwe laini, na kingo twazishindilia kwa miguu na kuziziba matundu ya kaa.

Ndipo tung'oapo miche, ikiwa na umri wa majuma mawili au matatu, tukaipandikiza kwa kamba: miche miwili au mitatu pamoja, na kati ya shina na shina shibiri moja. Wageni hudhani twapoteza nafasi. Kumbe kila shina likipata nafasi hutoa machipukizi mengi, na kila chipukizi ni suke. Kazi hii ya kupandikiza, kwetu, aghalabu hufanywa na wanawake. Huinama tangu asubuhi hata adhuhuri, miguu imo topeni, na mistari yao hunyooka kama daftari la mwanafunzi. Asemaye kwamba hiyo si kazi ya ufundi, na aje ajaribu mistari miwili.

Kisha ni kupalilia. Majuma mawili au matatu baada ya kupandikiza, magugu yapasa yatoke, na tena mara ya pili kabla mpunga haujashika mimba. Adui mkubwa ni mpunga pori, kwa kuwa akiwa mdogo hufanana na mpunga wenyewe kama pacha. Aliyepanda kwa mistari humtambua upesi, maana chochote kilichoota nje ya mstari si chake. Yuko na adui mwingine, ugonjwa tuuitao kimyanga. Majani hugeuka manjano yenye mabaka, na mmea hudumaa. Wataalamu waliutambua ugonjwa huu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1966. Ni kirusi, wala hakuna dawa ya kumponya mmea uliokwisha kuupata. Shina lililougua hung'olewa mara moja, wala halihurumiwi, ili kumi mengine yapone.

Mpunga ukichanua na kutia maziwa, kazi ya mkono hupungua na kazi ya macho huanza. Huu ni wakati wa kuamia. Twajenga dungu, twakaa juu yake tangu alfajiri, teo mkononi, debe likilia. Kweleakwelea ni ndege mdogo, na chakula chake cha siku nzima ni kama gramu 10 tu. Lakini wanafunzi, shikeni kalamu mpige hesabu: kundi likiwa na ndege milioni moja, kwa siku moja hula gramu milioni 10, yaani kilo 10,000, ambazo ni tani 10. Na makundi ya kadiri hiyo yapo. Usiku hutoka kiboko mtoni kuja malishoni, na atakachokiacha kwa kutokula atakiharibu kwa kukanyaga. Kwa hiyo kuamia hakuwezekani kwa mtu mmoja. Mwenye jaruba peke yake hushindwa. Wenye majaruba yaliyopakana wakigawana zamu, hupona.

Sasa twafika mavuno, na hapa wengi hupoteza kwa haraka au kwa uvivu kile walichokipata kwa jasho. Maji hutolewa jarubani kama siku 10 kabla ya kuvuna, ili ardhi ikauke na punje ziive pamoja. Wakati wa kukata ni pale punje nane katika kila kumi zimekuwa rangi ya majani makavu. Ukingoja zote zikauke shambani, nyingi zitapukutika, na zilizobaki zitapasuka kinuni. Baada ya kupura, anika mpunga juu ya mkeka au turubai, usianike barabarani, uugeuze mara kwa mara, na jua likiwa kali mno uukusanye. Ukikaushwa kwa pupa, punje hupata ufa ndani ya ganda usioonekana, na mashineni hutoka chenga badala ya mchele. Kuujua kama umekauka, uma punje moja: ikilia kwa kukatika, tayari, ikibonyea, bado. Mpunga mzuri wa kilo 100 hutoa mchele kama kilo 60 au zaidi kidogo. Zilizobaki ni pumba na wishwa.

Maarifa ya mwisho ni ya kalamu. Asiyeweza kujua alipanda kiasi gani, alilipa vibarua fedha ngapi, na alivuna magunia mangapi, hawezi kujua kama amepata au amepoteza. Mkulima ategemeaye mvua peke yake aghalabu hupata tani 1 au 2 kwa hekta; mwenye maji ya mfereji, mbegu njema na palizi ya wakati huweza kupata tani 4 au kuzidi. Lakini mfereji nao una gharama zake: pampu hula mafuta au umeme, na mifereji hutaka kuzibuliwa kila mwaka. Bonde letu limeona miradi mingi. Katika miaka ya 1960 Wachina walisaidia shamba la serikali la Ruvu, na baadaye Wajapani walisaidia kilimo cha umwagiliaji hapa Bagamoyo. Tulichojifunza ni kwamba pampu huweza kuletwa na mgeni, lakini zamu ya kusafisha mfereji haina mgeni wa kuileta. Hiyo hutoka kwa wenyeji wenyewe, nayo ikikosekana pampu hugeuka chuma cha kukalia kunguru.

Kabla ya kumaliza twataka kuwaambia jambo moja zito. Mto wetu una wadai wengi. Mji wa Dar es Salaam, ambao katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5, hunywa sehemu kubwa ya maji yake kutoka Ruvu, kwa mitambo ya Ruvu Juu iliyojengwa mwaka 1959 na Ruvu Chini ya mwaka 1976. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 mvua zilipokosekana, mto ulipungua hata mji ukagawiwa maji kwa zamu. Miti ya Uluguru ikikatwa, au watu wa juu wakiteka bila kipimo, mto hudhoofika. Na mto ukidhoofika, bahari hupanda. Yule bibi wetu alikuwa akionja maji karibu na mlango wa mto. Hatupendi wajukuu wetu walazimike kuyaonja kila siku mbali zaidi bara. Kwa hiyo mkulima wa leo hawezi kulinda kingo za jaruba lake tu. Yampasa ahudhurie mikutano ya watumiaji maji, asome, auulize mto umepimwaje, na aseme neno lake kwa adabu na kwa hesabu.

Basi ninyi wanafunzi, mkiulizwa kesho kazi ya wazazi wenu, jibuni hivi: baba na mama ni watu wanaosoma mwezi, wanaopima chumvi, wanaochagua mbegu, wanaonyoosha ardhi kwa maji, wanaofanya hesabu za ndege na za magunia. Kisha semeni, "Ni wakulima." Lile neno "tu" liacheni.